Nyumbani Kwako Mko Wangapi?

"Senhor Rajabo, simama. Huyo aliyekaa nyuma yako anaitwa nani?"

Swali liliulizwa kwa Kiingereza, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba hata mbuzi wa kijiji cha Olumbi, waliokuwa wakichungulia darasa lile mchana kwa wiki tatu mfululizo, pengine wangelijibu. Mwalimu Octávio alilirudia kwa Kireno, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Rajabo alisimama. Mwanamume wa miaka thelathini na mbili, fundi wa kuezeka, aliyewahi kutembea juu ya kenchi za msikiti bila kushika kitu, sasa alikuwa ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

Nyuma yake alikaa mwanamke aliyejifunga kapulana ya njano kiunoni, uso kaugeuzia dirishani. Darasa zima lilimjua: Saquina, mpika mikate. Rajabo alimjua kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mama mkwe wake, na jina la mama mkwe halipiti kinywani mwa mkwe. Halipiti kwa Kiswahili wala kwa Kimakonde. Kuhusu Kiingereza, hakuna mzee aliyewahi kukaa akatoa uamuzi.

"Anaitwa…" Octávio alimwanzishia.

Shati la Rajabo lilianza kulowa mgongoni, na alijua ni nani anayeuona mgongo huo.

"Kameza ulimi!" mtu alisema kutoka pembeni, na darasa likacheka.

"Unaona haya," Octávio alisema, akaandika kitu kidogo kwenye daftari lake. "Lakini ukiona haya, senhor Rajabo, kule kwenye kambi ya gesi watakupitia kama nguzo. Kaa."

Octávio alikuwa mtu wa Inhambane, huko kusini kabisa, aliyeletwa na serikali kufundisha watu wa pwani Kiingereza cha kuanzia, maana gesi ilikuwa imeonekana baharini na kampuni zilitaka vibarua wanaoelewa wakiambiwa kimbia. Mila za Olumbi hakuzijua, na hakuna aliyemweleza. Tusiwaseme vibaya. Darasani walikuwa ishirini na wanne, na nafasi za kazi kambini Afungi zilikuwa kumi na mbili. Mtu akikaa kimya mwenyewe, wewe una haraka gani ya kumsemea?

Kosa lenyewe lilikuwa la Anli, katibu wa mtaa. Fomu ilitaka majina mawili kutoka kila nyumba, na Anli ni mtu ambaye akiona mstari mtupu kwenye karatasi halali. Alifika nyumba ya Saquina, akakuta watu wawili, akaandika wawili, akafurahi jinsi fomu ilivyojaa vizuri. Mkewe ndiye aliyemuuliza baadaye kama ana akili. Fomu ilikuwa imeshakwenda na gari wilayani Palma.

"Dona Saquina!" Octávio aliita, na uso wake ukachangamka.

Saquina akainuka. Huyu alikiongea Kiingereza kama anavyouza mikate: kwa sauti, bila kujali kilichovunjika njiani. Akakosea, akajicheka, akarudia, akapatia. Unafanya kazi gani? Akajibu. Unaamka saa ngapi? Akajibu, akaongeza na ya jogoo. Wanawake wakampigia makofi.

"Nyumbani kwako mko watu wangapi?"

Saquina akafungua kinywa. Akautazama mgongo wa shati lililolowa mbele yake. Akafunga kinywa.

"Nimesahau," alisema kwa Kiswahili, akakaa.

Namba hakuwa amezisahau. Siku ile ile asubuhi alikuwa ameihesabu mikate yake kwa Kiingereza mpaka arobaini.

*

Nyumba yao ilikuwa na wigo wa makuti katikati. Upande wa mbele, baraza na chumba cha Rajabo. Upande wa nyuma, jiko na chumba cha Saquina. Kwa miaka tisa wigo ule ulikuwa na mdomo, nao ulikuwa Muanacha, mke wa huyu na binti wa yule. "Mama anasema chumvi imekwisha." "Rajabo anasema ataleta." Kutwa nzima Muanacha alikwenda na kurudi, akilalamika kwamba miguu inamuuma kwa kubeba maneno ya watu wazima wenye midomo yao.

Januari homa ilimchukua ndani ya siku nne, akazikwa. Wigo ukabaki wigo.

Baada ya hapo wakamtumia kuku. Alikuwa kuku mweupe wa Muanacha, mwenye mguu mmoja uliopinda, anayepita chini ya wigo atakavyo. Heshima ya ukwe inamkataza mtu kusema na mkwewe. Haimkatazi kusema na kuku.

"Kuku wee," Saquina alisema jioni ile, akiepua chungu, "mwambie mwenye kula kwamba ugali unapoa."

Upande wa pili Rajabo akajibu. "Kuku, mwambie mama nimeshiba. Nimekula kwa Anli."

"Kuku wee, jana kwa Anli, juzi kwa Anli. Huyo Anli kafungua hoteli?"

Rajabo alikuwa hajala kwa Anli wala kwa mtu yeyote. Alikuwa amekula muhogo mbichi njiani. Alifikiri hivi: mwanamke huyu hana tena binti wa kunipa, na bado ananipikia. Anangoja niwe na haya niondoke. Na Saquina, akikifunika chakula kwa kawa na kukisukuma chini ya wigo hata hivyo, alifikiri hivi: kijana huyu hana tena mke hapa, na bado analala hapa. Anangoja nimwachie aende zake, nami namng'ang'ania kama kupe. Kwa desturi, yeye ndiye aliyepaswa kutamka. Mjane wa kiume hurudishiwa mkeka wake mbele ya ndugu zake akaambiwa nenda, au huambiwa kaa, hapa ni kwako. Arobaini ilikuwa imepita, miezi saba ilikuwa imepita, na mdomo wa kupitishia neno hilo ulikuwa umelala makaburini nyuma ya shule.

Kila mmoja alikwenda darasani kwa sababu yake. Rajabo alitaka kazi: mtu mwenye kazi Afungi ana sababu ya kuishi Olumbi, na hataulizwa na mtu anamlinda nani. Saquina hakutaka kazi. Alitaka mahali ambapo mtu akiulizwa, anajibu.

Simu ya Rajabo ililia barazani. Ilikuwa ya zamani, ukiongea nayo mtaa mzima unasikia. Aliyepiga ni Cassamo, kaka yake mkubwa aishiye Diaca.

"Jumapili nakuja na gari la mihogo," Cassamo alisema. "Funga mizigo. Miezi saba mtu anakaa ukweni bila mke, wewe ni mlinzi?"

"Kaka, Ijumaa kuna mtihani."

"Mtihani wa nini?"

"Kiingereza. Wa kuongea."

"Umeshaongea neno gani?"

Rajabo akatazama wigo. "Bado," alisema.

Cassamo alicheka mpaka akakohoa. "Basi ukishindwa tupande gari. Na ukishinda, niambie nani kakwambia ukae kwake. Si wewe kutaka, Rajabo. Nani kakwambia?"

Nyuma ya wigo mwiko ulikuwa umeacha kugonga chungu.

*

Ijumaa walipangwa nje, wakaitwa wawili wawili kwa kufuata lista, na lista, asante kwa Anli, ilikuwa imepangwa kwa nyumba. Kila jozi ilikaa kwenye viti viwili vinavyotazamana. Mmoja anasoma maswali kwenye kadi, mwingine anajibu, kisha wanabadilishana.

Nyumba ya kumi na moja ilipoitwa, Saquina aliingia kwanza. Alikitazama kiti, akakigeuza kikaelekea ukutani, akakaa. Rajabo akaingia, akageuza chake kikaelekea dirishani, akakaa. Migongo miwili ikatazamana.

"Jamani," Octávio alisema. "Haya ni mazungumzo. Geukeni."

Hakuna aliyegeuka.

"Senhor Rajabo, sipendi kumwangusha mtu. Lakini wiki nne hukusema hata neno moja. Ukinyamaza leo pia, nitaandika nini?"

Dirishani ukatokea uso wa Anli, aliyekuja kuona mwisho wa fomu yake. "Professor," alisema kwa Kireno chake cha ofisini, "waache hivyo hivyo. Huyo ni mama mkwe wake. Hawasemeshani."

Octávio akaweka kalamu chini. Akamtazama Rajabo, akakumbuka zile siku zote alizomsimamisha, na masikio yakamwaka. "Wiki nne! Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza," alisema Anli.

Mwalimu akasimama, akaanza kupanga upya: senhor Rajabo atapewa mwenzake mwingine, dona Saquina naye vivyo hivyo, hapana shida, hapana kabisa. Rajabo alikuwa ameshainuka nusu. Nafuu ilikuwa imeshamfikia magotini.

"Hapana," Saquina aliuambia ukuta, kwa Kiingereza. Halafu, kwa Kiingereza vilevile: "Aulize."

Rajabo akabaki amesimama nusu, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Mbele yake palikuwa na kadi. Yaliyoandikwa humo hayakuwa maneno yake. Yaliandikwa na mtu asiyemjua, katika lugha ambayo babu yake hakuisikia na kwa hiyo hakuiwekea mwiko. Akakaa. Swali la kwanza lilikuwa la jina, akaliruka.

"Unaishi wapi?" alisoma kwa Kiingereza. Sauti ilitoka na kutu.

Kwa miaka tisa Saquina alikuwa ameisikia sauti hiyo kwa mbali, ikimnong'oneza binti yake au ikimwagiza kuku. Hakujua kwamba ni nzito hivi.

"Naishi Olumbi."

"Unapenda chakula gani?"

"Samaki. Na mkate. Mkate wangu."

Octávio akatabasamu, lakini safari hii hakusema kitu. Kidole cha Rajabo kikashuka kwenye kadi, kikasimama. Swali la sita.

"Nyumbani kwako mko watu wangapi?"

Nje mtu alikuwa akicheka kwa jambo lingine. Mbuzi alikuna pembe zake ukutani. Rajabo aliishika kadi ile kwa vidole vilevile alivyoshikia ukingo wa dawati, akangoja, na safari hii hakuwa yeye anayengojewa.

"Wawili," alisema Saquina.

"Sentensi nzima, dona Saquina, tafadhali," Octávio alisema polepole.

"Nyumbani kwangu tuko watu wawili."

Swali la saba lilikuwa limeandikwa chini yake, halikutungwa na Rajabo. "Ni akina nani?"

Hapa Saquina alihangaika. Kwa wiki nne walikuwa wamefundishwa baba, mama, kaka, dada, na watoto, wa kike na wa kiume. Neno la mkwe mwalimu hakulifikia. Alilitafuta darini na mvunguni, hakulikuta. Akachukua lililokuwepo.

"Mimi," alisema, "na mwanangu wa kiume."

Wakabadilishana kadi kwa kuipitishia mkononi mwa mwalimu. Sasa Saquina akasoma, na macho yake hayakuwa mazuri, lakini maswali alikuwa ameshayashika kichwani tangu wiki ya pili.

"Unaishi wapi?"

"Naishi," Rajabo aliliambia dirisha, na Anli aliyekuwa dirishani akajikuta ametazamwa na mtu anayelia, "naishi nyumbani kwa mama yangu."

Walipotoka, Rajabo alijifanya anafunga kamba ya kiatu mpaka kapulana ya njano ilipofika mbali, kisha akafuata njia nyingine, ya mzunguko. Jioni ile nyumbani hata kuku hakuagizwa.

*

Jumamosi majina yalibandikwa mlangoni. Rajabo alikuwa wa kumi na moja. Saquina alikuwa wa pili kwa alama, na juu ya jina lake palikuwa na mstari wa kalamu nyekundu. Sharti lilisema umri usizidi miaka arobaini na mitano. Anli, mtu mkweli kwenye karatasi, alikuwa ameandika hamsini na sita.

"Sikujua kuna mwisho," Octávio alimwambia. Alikuwa kweli hajui. Sharti lilikuja na barua ya juzi. "Hata darasa la miezi inayofuata, huko kambini, ni la waliochaguliwa tu. Samahani sana, dona Saquina."

"Ningejua ningezaliwa mwakani," Saquina alisema, na watu wakacheka, naye akacheka nao, akaifunga kapulana yake vizuri, akaenda zake. Waliomjua waliona alikuwa akitembea haraka kuliko kawaida ya mtu asiye na anakokwenda.

*

Cassamo alifika Jumapili saa nne, mwili mkubwa, shati la safari. Alikaa barazani kwa mdogo wake, akamwita Anli awe shahidi, kama inavyotakiwa.

"Mizigo iko wapi?"

"Kaka, nimepata kazi. Na nimeambiwa nikae."

"Na nani?"

"Na mama."

"Alimtuma nani?"

"Alisema mwenyewe. Kwa mdomo wake."

Cassamo akashtuka kama aliyesikia matusi. "Mkweo amekusemesha?"

"Kwa Kiingereza."

Cassamo akamgeukia Anli, akamrudia ndugu yake. "Kiingereza hakihesabiki. Hicho ni cha kazini. Mtu hakaribishwi nyumbani kwa Kiingereza. Katibu, hebu muulize mama hapo nyuma, kwa Kiswahili chetu, kijana wetu kaachiwa au hakuachiwa?"

Anli akajisafisha koo na kuuelekea wigo. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka jikoni.

"Kuku wee, mgeni huyu anataka niseme mara ngapi? Nilishasema Ijumaa, mbele ya serikali, na serikali ikaandika."

"Ni kweli," Anli alisema haraka. "Nilikuwa dirishani. Alisema, na professor akaandika."

"Alisema nini?"

"Kiingereza mimi sijui. Lakini alisema. Na huyu akalia."

Rajabo aliangalia vidole vya miguu yake. Cassamo alitaka kubisha, ila chakula kilikuwa kimesukumwa chini ya wigo. Mgeni anayekuja ukweni kumchukua mtu wake huchinjiwa kuku wa kuagana. Hilo linajulikana Olumbi, linajulikana na Diaca. Cassamo akafunua kawa. Changu wawili wa kukaanga. Na hapo hapo kuku mweupe akapita mbele ya miguu yake, na mguu wake uliopinda, mzima wa afya.

Cassamo alimtazama kuku mpaka akapotea chini ya wigo.

"Haya," alisema, akanawa mikono. "Samaki naye ni chakula."

*

Jumatatu gari la kampuni lilipita barabara kuu kuwachukua wale kumi na wawili. Kule kambini walilala huko huko: wiki nne ndani, wiki moja nyumbani. Hilo nalo lilikuja na barua. Rajabo alitoka na begi dogo. Mkeka wake aliuacha umekunjwa barazani, umeegemezwa ukutani, mahali ambapo mtu wa upande wa pili akichungulia kwenye tundu la wigo hawezi kukosa kuuona.

"Kuku," alisema, "mwambie mama nimekwenda na nitarudi."

"Kuku wee, mwambie ajihadhari na majenereta yao."

Basi.

Jioni Saquina alipika, na kwa mazoea akapakua sahani mbili. Aliitazama ya pili, akaifunika kwa kawa, akaisukuma chini ya wigo, kisha akazunguka akaichukua mwenyewe na kuja kukaa barazani, mahali ambapo kwa miaka tisa hakuwa amewahi kukaa. Barabara ilikuwa tupu. Darasani watu walikuwa wameacha maandishi ubaoni na hakuna wa kuyafuta. Kuku alikuja akasimama karibu, akimtazama kwa jicho moja.

Saquina akauliza kwa Kiingereza, taratibu, kama mwalimu: nyumbani kwako mko watu wangapi?

Akangoja, akampa nafasi. Kuku aliona haya.

"Wawili," Saquina akamjibia, kwa Kiingereza vilevile. Alitaka kuongeza kwamba mmoja wao hayupo sasa hivi, lakini somo hilo walikuwa hawajalifikia.